Ati "usiwe Jannetty": nani hasa anaua timu?

Nimepotea, najua. Majaribio yametubana, na mengine mnayajua wenyewe. Lakini leo lazima niandike, maana kuna neno limenikaa kooni tokea Jumamosi na nisipolitoa nitakuja kugombana na mtu bure. Neno lenyewe ni "usiwe Jannetty."

Msiofuatilia mieleka ya Marekani msikimbie, ntaeleza taratibu. Na nyie wafuatiliaji mnivumilie nikianzia mbali.

Marty Jannetty na Shawn Michaels walikuwa timu ya wawili, jina lao The Rockers. Vijana wa nywele ndefu, nguo za kung'ara, wanaruka kama panzi. Wakati ule kampuni ilikuwa bado inaitwa WWF, ndiyo WWE ya leo. Januari 1992 ikaoneshwa ile klipu ambayo hata asiyependa mieleka ashawahi kurushiwa kwenye WhatsApp: wamekaa kwenye kipindi kilichopambwa kama duka la kinyozi, wanapatanishwa, wanakumbatiana, mara Shawn anamtia mwenzake teke la uso, halafu anamrusha kwenye dirisha la kioo. Vioo chini, Marty chini. Shawn kutoka hapo akapanda mpaka akawa bingwa wa dunia Machi 1996, akaingizwa kwenye Hall of Fame 2011. Marty akaachishwa kazi mwaka ule ule wa 1992, akarudi, akaondoka, akarudi. Ndo maana leo kila timu ikivunjika watu wanauliza: nani Shawn, nani Jannetty? Yaani nani atatoka na nani atabaki kwenye vioo.

Sasa Jumamosi neno hilo limetumika hapa Chwaka, kwenye maskani yetu, kwa watu tunaowajua. Wenzetu wawili, wengi wenu mmeshawaona harusini: mmoja anapiga picha, mwengine anakata video. Wameanza pamoja tokea skuli, na simu moja iliyopasuka kioo. Siku hizi ukioa kuanzia Uroa mpaka Marumbi unaambiwa watafute wale wawili. Hoteli moja huku mashariki imemtaka mpiga picha peke yake, mshahara wa kila mwezi, chakula juu yao. Hajajibu. Basi baraza zima likamgeukia yule mkata video: "Ndugu yetu, angalia usiwe Jannetty." Watu wakacheka. Yeye alicheka pia, lakini mimi nilimwona uso.

Mimi nasema hivi: huo mfano mnautumia kombo. Na nikitaka kuthibitisha sina haja ya kutoka nje ya mieleka yenyewe.

Kwanza tulimalize la "lakini wanapangiwa." Ndiyo shekhe, wanapangiwa. Nani anashinda, nani anageuka adui, nani anapewa mkanda, vyote vinaamuliwa ofisini. Lakini mkataba haupangwi kwenye filamu. Shingo ikivunjika imevunjika. Mtu akiamua asisaini, akiamua ahamie kampuni nyengine, akiamua arudi, hayo ni maisha yake. Timu ya mieleka inajengwa na hadithi pamoja na maamuzi ya kazi ya watu wawili, na ukiangalia vizuri hayo maamuzi ndiyo yanayobaki watu wakishaisahau hadithi. Na sisi Wazanzibari tuna haki yetu ya kuupenda mchezo huu jamani. Ndondi zilipigwa marufuku hapa baada ya Mapinduzi ya 1964, enzi za Mzee Karume, zikaja kuruhusiwa tena enzi hizi za Rais Hussein Mwinyi. Zaidi ya miaka hamsini! Mtoto wa Unguja aliyetaka kuona mtu anarushwa ulingoni alikuwa na TV, kanda za video na sidi za Darajani, basi. Au avuke Pemba akaangalie mchezo wa ng'ombe.

Turudi kwa Jannetty. Kuna jambo wengi hawalijui. Oktoba 1990 The Rockers waliwapiga Hart Foundation na wakachukua mikanda ya timu. Lakini katikati ya pambano kamba ya juu ya ulingo ilikatika, pambano likaonekana halifai kurushwa, na uongozi ukabadili mawazo. Mikanda ikarudi kwa Hart Foundation kimya kimya, na kwenye kumbukumbu za kampuni The Rockers hawajawahi kuwa mabingwa. Kamba tu! Na Mei 1993, kwenye Raw, Marty alimpiga Shawn huyo huyo na kumchukulia mkanda wa Intercontinental. Si muda mrefu, hata mwezi haukutimia, lakini alimpiga. Mtu huyu ndiye jina lake limegeuzwa tusi la kushindwa.

Kwangu mimi, kilichowafanya The Rockers wakumbukwe kwa dirisha tu ni kwamba hawakupewa muda wa kuwa na jengine. Timu haikuwa na mikanda kwenye vitabu, haikuwa na pambano moja ambalo kila mtu analitaja, na ilipovunjika hakuna aliyekuwa na sababu ya kuirudisha. Shawn alipata kila kitu akiwa peke yake, kwa hiyo hakuhitaji jina la Rockers. Marty alilihitaji, lakini jina la wawili haliwezi kubebwa na mmoja. Hilo la jina mlishike, ntarudi nalo.

Sasa njooni kwenye zama za dhahabu, zile tatu kubwa: Edge na Christian, Hardy Boyz, Dudley Boyz. Aprili 2000 WrestleMania, pambano la ngazi. Agosti 2000 SummerSlam, ndiyo TLC ya kwanza: meza, ngazi, viti. Aprili 2001 Houston, WrestleMania ya 17, TLC ya pili, ambapo Jeff Hardy alikuwa ananing'inia kwenye mikanda na Edge akaruka kutoka juu ya ngazi akamkata hewani. Nishaiona mara zisizo na idadi na mpaka leo nashika shingo.

Nani alishinda hayo mapambano matatu? Edge na Christian. Yote matatu! Lakini ukimuuliza mtu wa kawaida TLC ni ya nani, anakwambia meza za Dudley na kuruka kwa Jeff. Kwa nini? Kwa sababu ya walichofanya baadaye.

Edge na Christian walikuwa marafiki wa utotoni kutoka Orangeville, Ontario, Kanada. Kwenye hadithi walifanywa ndugu. Edge akashinda King of the Ring 2001, na kabla mwaka haujaisha timu imevunjwa. Uamuzi ule ulizaa matunda, nani atabisha: Edge akawa bingwa wa dunia mara 11. Christian akaona hapandishwi, 2005 akaondoka kwenda TNA, na Februari 2006 akawa bingwa wa dunia kule. Akarudi WWE 2009. Aprili 2011 Edge akastaafu kwa lazima, shingo, madaktari wamesema teke moja baya na unaweza usitembee tena. Na mkanda aliouacha, Christian akauchukua Mei mosi, kwenye pambano la ngazi, Edge akimsaidia kutokea nje. Siku chache tu akanyang'anywa na Randy Orton. Wengi tulikasirika, lakini ile picha ya wawili wanakumbatiana na mkanda katikati, hiyo hawakuweza kuinyang'anya.

Hata hivyo, ukweli usemwe: kwa miaka zaidi ya ishirini, "Edge na Christian" lilikuwa jina la utangulizi. Kitabu chenyewe kilikuwa Edge. Hilo ndilo walilolichagua, au walilochaguliwa, na si dhambi. Ila usije ukaniambia timu yao ni kubwa kuliko Dudley kwa sababu Edge ana mikanda 11. Mikanda ile ni ya Edge.

Dudley sasa. Bubba Ray na D-Von. Mmoja mweupe, mmoja mweusi, wanaitwa ndugu wa baba mmoja, na hakuna aliyeuliza maswali! Walitoka ECW wakaingia WWF 1999. Machi 2002 kampuni ilipogawa wanamieleka kati ya Raw na SmackDown, wakatenganishwa. D-Von akafanywa mchungaji, jamani. Mchungaji! Mwenye kuliona hilo akalisahau ana bahati. Novemba mwaka ule ule, Survivor Series, wakarudishwa pamoja, na ukumbi ulilipuka.

Halafu 2005 mikataba ikaisha, na hapa ndipo penye somo. Jina la Dudley lilibaki kwa kampuni. Wao wameondoka, jina limebaki. Mwanamieleka mwengine angesema basi, kila mtu atafute lake. Hawa wakaenda TNA wakajiita Team 3D, kwa jina la pigo lao la mwisho. Wakaenda Japani, Januari 2009 wakachukua mikanda ya timu ya IWGP pale Tokyo Dome. Hata Bubba alipopewa nafasi ya peke yake akawa Bully Ray, bingwa wa dunia wa TNA Machi 2013, nyuma yake alisimama D-Von. Agosti 2015 wakarudi WWE na jina lao la zamani. 2018 wakaingia Hall of Fame, pamoja. Oktoba 2025, Bound for Glory, wakapanda ulingoni kupigana na Hardy Boyz, pambano la meza, watu wazima wa miaka hamsini na kitu, kuagana. Hakuna anayekumbuka kuuliza nani kati yao alikuwa Jannetty. Swali lenyewe haliingii.

Mtu wa maskani akanipinga hapo: "Lakini Bubba angekuwa mkubwa zaidi angejitenga mapema." Inawezekana. Alikuwa na mdomo, alikuwa na mwili. Lakini tunazungumzia jina la timu, bwana, si hesabu ya benki ya Bubba. Ukitaka kuwa mkubwa peke yako, nenda. Usitegemee tu kwamba timu itakusubiri mlangoni na chai.

Na Hardy? Hawa ni ndugu kweli, Matt na Jeff, wa Cameron, North Carolina. Njia yao ni ya fujo kuliko wote. Jeff aliondoka 2003. Matt akaachishwa 2005 na kurudishwa mwaka huo huo. Jeff akarudi 2006. Desemba 2008 Jeff akawa bingwa wa WWE, mwezi uliofuata Matt akamgeuka (kwenye hadithi). TNA, matatizo, mengine ya kujitakia wenyewe. 2016 Matt akabuni ule wazimu wa "Broken" unaofanyika nyumbani kwao, na mtu aliyekuwa ameshahesabiwa amekwisha akawa gumzo. Aprili 2017 Orlando, WrestleMania ya 33, muziki wao ukapigwa bila kutangazwa, na kama hujaisikia sauti ya watu siku ile katafute klipu hata kama bando linaisha. Baadaye AEW, kisha TNA tena. Wamekwenda na kurudi mara ngapi? Lakini kila walipokwenda walikuwa Hardy, kwa sababu Hardy ni jina la baba yao. Hakuna kampuni iliyoweza kulikata. Edge alipohamia AEW Oktoba 2023 alilazimika kuwa Adam Copeland, na 2025 alipoungana tena na Christian, pamoja na shangwe zote za London na Toronto, jina "Edge na Christian" hawakuweza kulitumia. Wameungana, jina limebaki kwa bosi wa zamani. Mimi hilo liliniuma kuliko dirisha la Jannetty.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema timu imekufa kwa sababu fulani ni msaliti, nauliza kwanza: mkataba ulikuwaje, jina la nani, na waliachwa pamoja muda gani? Usaliti ni wa kwenye TV.

Najua mtanitajia New Day. Nilikuwa nakuja huko huko, na hapa nakaa kidogo maana hii ndiyo timu yangu.

Kofi Kingston ni Mghana, mzaliwa wa huko. WWE walipomtambulisha 2008 walimwita Mjamaika, na lafudhi wakampa! Miaka kumi anapendwa, anaruka, anaokolewa kwenye Royal Rumble kwa vituko, lakini mkanda mkubwa hamna. 2014 akaungana na Big E na Xavier Woods. Walianza vibaya, watu wakiwazomea, wakaigeuza zomeazomea ikawa mchezo, matarumbeta na keki za asubuhi, mpaka wakashika mikanda ya timu siku 483, kutoka Agosti 2015 mpaka Desemba 2016. Rekodi hiyo ilidumu mpaka The Usos walipokuja kuipita.

Sasa 2019. Mwenzao Mustafa Ali kaumia, Kofi kaingizwa kujaza nafasi, na mashabiki wakamng'ang'ania. Bosi kwenye hadithi hataki. Machi, kwenye SmackDown, Big E na Woods wakaambiwa: mkizipiga timu zote hizi usiku mmoja, rafiki yenu atapata nafasi. Wakapigana timu moja baada ya nyengine. Ikafika zamu ya The Usos, wapinzani wao wa miaka. Na The Usos wakasimama, wakasema maneno ya heshima, wakajitoa bila kupigana. Nawaambia wallahi, ni maigizo, lakini mimi nilifuta macho. Tarehe 7 Aprili Kofi akampiga Daniel Bryan, akawa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika, na Big E na Woods ndio waliomletea mkanda mpya ulingoni. Baada ya hapo akaupeleka Ghana.

Tarehe 4 Oktoba 2019 Brock Lesnar akampiga ndani ya sekunde kumi. Kumi hazikufika! Wiki iliyofuata Kofi karudi kwenye timu kama mtu aliyekwenda dukani mara moja. Hajalalamika, hajadai marudiano. Watu wengi wenye akili zao waliandika kwamba alidhalilishwa, na mimi nakubali kwamba uongozi ulimdhalilisha. Lakini angalia kilichotokea kwa timu: haikuvunjika. Ilikuwa imeshampandisha mmoja mpaka juu na bado ipo. Shawn alihitaji kumvunjia mwenzake kioo ili aonekane. Kofi alionekana kwa sababu ya mabega ya wenzake. Njia hiyo ipo, na imeonekana na dunia nzima, halafu bado tunapeana mfano wa dirisha.

Haikuishia vizuri, sitawaficha. Oktoba 2020 Big E akatenganishwa nao, kampuni ndiyo iliyoamua. Akafika mbali, Septemba 2021 akawa bingwa wa WWE. Machi 2022 akavunjika shingo. Na Desemba 2024, sherehe ya miaka kumi ya timu, Kofi na Woods wakamgeuka ulingoni, wakamlaumu kwamba aliwaacha. Mtu aliyevunjika shingo! Na aliyetenganishwa kwa karatasi ya ofisi! Waandishi wa hadithi walijua wanachokifanya, waligusa pale pale panapouma timu zote: ukiondoka, hata kama si wewe uliyeamua, wanaobaki wanahesabu siku.

Aprili 2025, Las Vegas, usiku mmoja: Jey Uso anachukua ubingwa wa dunia, na Kofi na Woods, sasa ni maadui, wanachukua mikanda ya timu. Jey alikuwa ameshaachana na pacha wake Jimmy 2023, wakapigana WrestleMania 2024 na pambano lenyewe, tuseme ukweli, lilikuwa baya. Lakini siku ya ubingwa Jimmy aliingia ulingoni kumkumbatia. Kofi na Woods walishinda na nusu ya ukumbi inawazomea kwa ajili ya rafiki yao asiyekuwepo. Nani kati yao ana timu bora siku ile? Mimi nitasema The Usos, na wao hawakuwa hata timu usiku huo.

Hapa kwetu Afrika Mashariki mieleka ya aina hii bado ichanga. Kuna wale vijana wa Mukono, Uganda, Soft Ground Wrestling, wanaorushana kwenye ulingo wa udongo, nawapenda kupita kiasi, lakini timu zao za wawili bado hazijazeeka kiasi cha kuzihukumu. Wawili wetu walikuwa kwenye muziki. Gidi Gidi Maji Maji wa Kenya: 2002 walitoa "Unbwogable", muungano wa NARC ukaibeba kwenye kampeni, Desemba ile KANU ikaondoka madarakani. Baadaye kila mmoja kashika njia yake, Gidi tukamsikia asubuhi Radio Jambo na Ghost Mulee wakipatanisha wanandoa. Walipoachana kijukwaa hakuna aliyevunjiwa kioo, na jina lenyewe limeundwa kwa majina mawili, mmoja akilibeba peke yake halitamkiki. Sawa na Mandojo na Domokaya. Mandojo alipofariki 2024, mimi na nyie tulimlilia kwa jina zima, na hiyo "na" katikati.

Ndo nikarudi kwa wale wenzetu wawili. Mpiga picha akienda hotelini, aende. Mshahara ni mshahara, na mama yake analima mwani kwenye ghuba hii hii, bei yake haina haja ya kuelezwa. Simwiti Shawn. Na mkata video akibaki na kompyuta yake na harusi za Jumapili, simwiti Jannetty. Ninachotaka kujua ni kile ambacho maskani nzima hakuna aliyekiuliza: ule ukurasa wa Instagram wenye jina lao la pamoja, nywila anayo nani? Wateja wanaopiga simu, namba ni ya nani? Video za miaka minne ziko kwenye diski ya nani? Na huo mkataba wa hoteli, picha atakazopiga na jina lake vinakuwa vya nani akitoka? Dudley waliulizwa swali hilo wakiwa wameshafungasha virago. Hawa bado wana wiki moja.

Nimewaambia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Mpiga picha amesema atausoma mkataba tena na kaka yake anayefanya kazi mjini. Mkata video amesema nimezidisha kuangalia mieleka, na tuna mtihani Jumanne. Kweli kabisa.

Haya, gari ya Chwaka hiyo inaita hapa Tunguu na nikiikosa nitasimama mpaka Isha. Mwenye hoja ya Legion of Doom aiweke akiba, najua mtu anaitayarisha, na najua ni nani.